Chaja za kapasita zitaua mtu, mafundi tuziache

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wa redio, na wateja wetu pia, kuhusu chaja zinazotengenezwa mitaani kwa kapasita (kile kipande kidogo kinachohifadhi umeme) badala ya transfoma. Kibanda changu kiko Tukuyu, wilayani Rungwe, na vitu hivi vinaniletea wasiwasi kila vinapoingia, viwe vimetoka Kiwira, Masoko au kule chini Kyela.

Sababu ya kuzagaa kwake naielewa vizuri. Umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, umefika vijijini, lakini redio nyingi huko ni zile za betri nne kubwa, na betri ni gharama isiyokwisha. Transfoma ni nzito na kuipata ni kazi. Kapasita kijana anaing'oa bure kwenye tochi ya kuchaji iliyokufa, anaongeza dayodi nne (zinazopitisha umeme upande mmoja tu), kapasita ya kuchujia na zena (dayodi inayozuia volti zisipande), na redio inaimba. Mteja anafurahi, fundi anaonekana mtaalamu.

Juzijuzi mama mmoja alinijia na redio ya namna hiyo. Alisema tu, "Mwanangu, redio hii inauma." Nikamuuliza inauma lini. Akasema mtoto akivuta antena, lakini si siku zote. Yeye alidhani ni mvua. Nikaifungua mbele yake. Kwenye nafasi ya betri mlikuwa na kibao kidogo kimegandishwa kwa gundi, juu yake kapasita mbili nyekundu zilizoandikwa 105J 400V zimeungwa sambamba, na waya mwembamba unatoka kwenda kwenye plagi ya pini mbili. Nikapima kwenye springi za betri: volti 6 safi kabisa. Namba hiyo ndiyo inayowadanganya vijana wetu.

Kisha nikapima kati ya antena na waya wa ethi, yaani wa ardhini, wa kibandani. Mita haikusoma kitu cha maana. Nikageuza plagi, pini ya kulia ikaingia kushoto, nikapima tena: 230. Mama akaniangalia bila kusema neno.

Maelezo yake ni haya. Katika saketi hiyo waya mmoja wa umeme unapita kwenye kapasita, mwingine unaingia moja kwa moja kwenye dayodi. Ule wa moja kwa moja ukiwa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, redio inakaa karibu na volti za ardhi na huhisi kitu. Plagi ikigeuzwa, laivu, yaani waya wenye volti, ndiyo inayopita moja kwa moja, na redio nzima inakuwa laivu: antena, tundu la spika za masikioni, skrubu za nyuma. Volti 6 zipo kweli, lakini ni kati ya springi na springi. Kati ya springi na mtoto aliyesimama peku kwenye sakafu ya udongo, tena Tukuyu ambako udongo haukauki, ni volti 230. Plagi ya pini mbili haina juu wala chini, kila mtu anaichomeka anavyoishika.

Sisemi kwamba saketi yenyewe ni ya kijinga. Kapasita ya maikrofaradi 1 kwenye umeme wetu wa hezi 50 inazuia mkondo kama rezista ya omu 3,200 hivi, inapitisha miliampea 70 au zaidi kidogo, na haichemki kama rezista ingechemka. Ndiyo maana utaikuta ndani ya balbu nyingi za LED za bei nafuu, ambako kila kitu kimefungwa ndani ya plastiki na hakuna mkono unaofika. Hapo ni mahali pake. Lakini inazuia mkondo, haipunguzi volti. Zena ikikatika au betri ya tochi ikifa, volti za kutokea zinapanda kuelekea kilele cha umeme wenyewe, ambacho ni kama 325. Tochi nyingi za kuchaji huungua taa zote kwa mpigo kwa sababu hiyo. Na redio ikifunguliwa sauti inataka zaidi ya miliampea 70, kwa hiyo fundi anaongeza kapasita ya pili, na wakati mwingine ya tatu.

Hizo 105J 400V nazo hazikutengenezwa kukaa kwenye laini ya umeme mchana na usiku. Ile 400 ni volti za DC, umeme wa aina ya betri. Ya kukaa kwenye laini imeandikwa X2, pamoja na 275 au 310 yenye alama ya AC, umeme wa ukutani. Inatakiwa pia rezista ya kilo-omu 470 au mega 1 juu ya kapasita, ili ukichomoa plagi pini zisikurushe, na rezista ya fyuzi kwa mbele. Nimefungua nyingi zisizo na hata kimoja. Lakini hata ukiviweka vyote, antena bado itakuwa laivu plagi ikigeuzwa. Na wale wanaoweka balbu ya mfululizo, inayoungwa kati ya umeme na kifaa, kwenye meza ya kazi wajue nayo haitenganishi chochote.

Dawa iko kila duka: chaja nzuri ya simu. Watu husema haina transfoma kwa kuwa ni nyepesi. Inayo. Ifungue uione, kitu kidogo kilichozungushiwa utepe wa njano, kidogo kwa sababu chaja inaukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Hiyo transfoma ndiyo inayotenganisha upande wa laivu na upande wa mkono wako. Inatoa volti 5, na redio ya betri nne inafanya kazi nazo vizuri, maana betri zenyewe zikitumika kidogo hushuka hapo hapo. FM inatulia, masafa mafupi yanaweza kuwa na mngurumo, na huo nauvumilia.

Fundi mwenye mita anaweza kujua bila kuhatarisha mtu. Chomoa plagi ukutani. Weka mita kwenye alama ya dayodi, ncha moja kwenye pini ya plagi, nyingine kwenye waya wa kutokea, uzigeuze, kisha ujaribu pini ya pili. Ukipata 0.5 au 0.6 popote, hakuna utengano, usimrudishie mteja. Chaja ya simu iliyo nzima haitasoma kitu upande wowote.

Ombi langu kwa walimu wa vyuo vya ufundi ni kwamba kipimo hiki wakifundishe kabla ya kufundisha kuchomelea. Kwa wenye maduka, tochi inayochajiwa kwa pini zilizojificha mgongoni ishikwe ikiwa imechomolewa tu, na mteja aambiwe hivyo anaponunua. Shirika la Viwango, TBS, nao wafungue hizo tochi wazione ndani. Nyumba nyingi ninazoingia hazina swichi ile inayokata umeme ukivuja miliampea 30, kwa hiyo hakuna kinga nyingine nyuma ya kapasita.

Redio ya yule mama sasa inatumia chaja ya simu. Kile kibao na kapasita zake ninacho mezani, na kijana yeyote anayejifunza ufundi hapa Rungwe akitaka kuja kukipima kwa mita yake mwenyewe, pande zote mbili za plagi, mlango uko wazi.

Fundi redio,
Tukuyu, Mbeya