Barua ya malalamiko: huduma yenu inaturudishia XML iliyogeuzwa maandishi

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma za Wavuti.

Ndugu Meneja,

YAH: JIBU LA ANKARA LINALOKUJA NA &lt; NA &gt; BADALA YA TAGI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye ninayetunza programu inayochota ankara kutoka kwenye huduma yenu kila usiku na kuziingiza kwenye mfumo wetu wa uhasibu. Nimeshafungua tiketi tatu za msaada juu ya jambo hili. Zote zimefungwa kwa maneno yaleyale, kwamba XML yenu (data iliyoandikwa kwa tagi kama <Namba>) ni halali. Safari hii nimeona nikuandikie wewe, maana waliozifunga hawakugusa kile nilichokuwa nakilalamikia.

Tukiomba ankara moja, hiki ndicho kinachotufikia:

<string>&lt;Ankara&gt;&lt;Namba&gt;4471&lt;/Namba&gt;&lt;/Ankara&gt;</string>

Mwongozo wenu unaahidi hiki:

<Ankara><Namba>4471</Namba></Ankara>

Anayeangalia haraka atasema ni kitu kilekile. Sicho. Jibu la kwanza lina elementi moja tu (tagi ya kufungua, ya kufunga na kilichomo kati yake), string, na ndani yake mna maandishi matupu. Kichanganuzi, yaani programu inayosoma XML, hakioni Ankara wala Namba, na nikitafuta //Ankara kwa XPath, lugha ya kutafutia ndani ya XML, napata sifuri. Aliyenijibu hakusema uongo, jibu lenu ni XML halali kweli. Lakini waraka niliouomba haumo. Yamo maelezo ya jinsi waraka huo ungeandikwa.

Sina ugomvi na vibadala vyenyewe, yaani &lt; na wenzake. Alama < ikiwa sehemu ya maandishi ni lazima iandikwe &lt;, la sivyo waraka unaharibika. Tatizo liko hatua moja nyuma yake. Msimbo wenu unaunda waraka wa ankara vizuri kabisa, kisha unaugeuza kuwa stringi (mfuatano wa herufi tupu), na metodi, kipande cha msimbo kinachojibu ombi letu, inarudisha stringi hiyo. Maktaba ya msimbo inayofungasha jibu haina namna ya kujua kwamba stringi ile ilikuwa waraka. Inaona maandishi yenye mabano, inayakinga kama kanuni inavyoitaka. WSDL yenu, faili inayoeleza huduma inapokea na kurudisha nini, inashuhudia hivyo: aina ya jibu imeandikwa xs:string, yaani stringi. Kama metodi ingerudisha XmlElement, yaani elementi yenyewe, tagi zingefika zikiwa tagi.

Tiketi ya pili, kabla ya kufungwa, ilijibiwa kwa ushauri. Niliambiwa nichukue jibu kama lilivyo, nibadilishe &amp; iwe &, kisha &lt; iwe <, kisha &gt; iwe >, kwa mpangilio huo. Nilifuata, japo roho ilikuwa inasita, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa umeshatufikia. Siku tisa mambo yalikwenda. Usiku wa kumi, mteja mmoja alikuwa ameandika kwenye sehemu ya maelezo: "mizigo < kilo 20".

Naomba uifuate alama hiyo moja. Ndani ya waraka wa ankara iliandikwa &lt;, sawasawa. Waraka ulipogeuzwa stringi na kufungashwa, ikawa &amp;lt;. Hatua ya kwanza ya ushauri wenu ikairudisha kuwa &lt;, na hatua ya pili ikaifanya <. Kichanganuzi kikakutana na bano la kufungua tagi lisilofuatwa na jina lolote, kikasimama. Na kusimama ndiko kunakotakiwa: tangu W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipotoa XML 1.0 Februari 1998, kichanganuzi kikikuta waraka usioundwa sawasawa hakiruhusiwi kuendelea kama vile hakuna lililotokea. Ankara 312 za usiku ule zilikuwa kwenye waraka mmoja. Haikuingia hata moja. Asubuhi mhasibu wetu alianza kuzichapa kwa mkono, nami nimeketi pembeni yake nikimsomea namba kutoka kwenye skrini, yeye akirudia kila namba kwa sauti ili tusikosee. Saa kumi jioni bado zilikuwa zimebaki.

Najua mtasema ningeiweka &amp; mwisho. Ni kweli, ila ushauri huo ulitoka kwenu ukiwa na mpangilio wake. Sasa nimeacha kabisa kubadilisha herufi. Nachanganua jibu mara mbili, kwanza bahasha, yaani elementi ya string, kisha maandishi yaliyomo. Ndicho kinachotuendesha leo, na hakijakaa sawa. Maandishi yaliyomo huanza na tamko la encoding="utf-16", ambalo nimeliondoa kwenye mfano wa hapo juu ili usomeke, ilhali jibu zima linasafiri kwa UTF-8, namna tofauti ya kuziandika herufi kwa baiti. Nikiyahifadhi kwenye faili kama yalivyo, kichanganuzi kinayakataa mpaka nilifute tamko hilo. Ninafuta kila usiku kitu ambacho hakikupaswa kuwepo.

Tiketi ya tatu ilipendekeza mtufungie waraka ndani ya CDATA, sehemu ya XML ambayo mabano yake husomwa kama maandishi na ambayo hufungwa kwa ]]>. Tafadhali msifanye hivyo. Jibu litapendeza machoni, lakini litabaki kuwa stringi, na siku waraka wenyewe ukibeba ]]> ndani yake, CDATA itafungwa kabla ya wakati wake.

Linaloniumiza zaidi ya vibadala ni kwamba hatuna cha kuhakiki. Kwa kuwa WSDL inasema stringi, zana zinazozalisha msimbo upande wetu zinapata stringi na basi. Hakuna skima, yaani kanuni za muundo wa waraka, inayosema tarehe ni tarehe. Mlipobadilisha jina la elementi ya tarehe ya malipo bila kutuarifu, hakuna kilicholia popote. Ankara ziliendelea kuingia zikiwa na tarehe tupu kwa wiki nzima, na aliyegundua ni mteja aliyeletewa barua ya kudaiwa deni alilokwisha kulipa. Kama jibu lingekuwa waraka wenye skima, programu yangu ingelikataa usiku uleule wa kwanza.

Kuna na uzito wa bure pia. Ankara ya mfano ina herufi 36. Ikifika kwetu ndani ya string zimekuwa 60, kwa sababu kila bano limekuwa herufi nne. Hilo ningelivumilia.

Ninachoomba si kikubwa. Metodi ya kuleta ankara irudishe elementi yenyewe, si stringi. WSDL ieleze muundo wa ankara kwa skima, nasi tupewe skima hiyo. Anwani isiyo ya SOAP (itifaki ya kubadilishana ujumbe wa XML) itume jibu la aina ya application/xml na waraka wa ankara uwe mzizi wa jibu, bila bahasha ya string. Na msiiguse anwani ya zamani kwa ghafla, kwa sababu wateja wenu wengine huenda nao wameandika viraka vinavyotegemea kosa hili. Fungueni anwani mpya, mtangaze tarehe ya kufunga ya zamani, na mtupe walau miezi mitatu ya kuhama.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu aliyeufungua msimbo wa metodi hiyo na kuusoma. Nimeambatanisha jibu ghafi la usiku zilipokwama ankara 312, nakala ya ushauri niliopewa kwenye tiketi ya pili, na mfano wa metodi iliyorekebishwa. Niko tayari kuijaribu anwani mpya kabla hamjaitoa kwa wengine, hata kama ni usiku.

Wako,
Mtunza mfumo wa ankara