Sele, kuhusu ile mialoni uliyoniuliza

Sele mwanangu,

Mambo vipi, Bagamoyo kunasemaje, na mama anaendeleaje na ule mguu? Voisi yako nimeipata, nimecheka peke yangu kwenye tramu watu wakawa wananiangalia, ile ya kwamba ukimpelekea mteja albamu yenye picha ya mti atakuuliza bibi harusi yuko wapi. Ila swali lako, kwa nini wazungu wanachora na kupiga picha mialoni hivyo, ni swali la maana, nimeona nikuandikie kabisa maana kwa voisi ningeongea mpaka bando liishe.

Mwaloni, yani oak kwa Kiingereza, mi nilikuwa nausikia kanisani tu, Ibrahimu na mialoni ya Mamre, nikajua ni miti ya zamani huko. Kumbe hapa Ujerumani ipo kila kona. Mti mnene, matawi yanajikunja kama yanagombana, jani lina mawimbi pembeni, ikifika baridi unapukutika wote. Hata senti zao, ya moja, ya mbili na ya tano, nyuma wameweka tawi la mwaloni.

Sasa ile picha uliyoiona wewe, ya miti mikavu na watu wamebeba jeneza, ni ya mchoraji Mjerumani Caspar David Friedrich, ya 1809 na 1810, ipo Berlin kwenye jumba la sanaa la Alte Nationalgalerie na nilienda kuiona. Chini giza tupu, inabidi usogee ndo uwaone wale wabeba jeneza, kumbe ni watawa, juu mbingu ina mwanga hafifu, na katikati hapo ndo mialoni imesimama. Mfalme wa Prussia aliinunua mwaka huohuo 1810. Lile gofu lililo kwenye picha ni la kweli, monasteri ya Eldena, jirani na Greifswald alikozaliwa. Ila mialoni kaipanga mwenyewe bana! Jamaa alikuwa anatoka na penseli anachora mti mmojammoja, tawi kwa tawi, afu akirudi studio anauchukua huu anaupachika pale, ndo maana mwaloni mmoja unaweza kuukuta kwenye picha zake zaidi ya moja. Yani aliedit kabla ya Photoshop. Mi ukiniuliza, ile ni huzuni imezidi kidogo, napenda zaidi ile yake ya 1822, mwaloni mmoja uko uwandani, kichwa kimevunjika lakini huku chini una majani mabichi na mchungaji kaegemea shina lake na kondoo wake wanakula, hana habari.

Na nikiwa pale mbele nikawaza Kaole moja kwa moja. Gofu la msikiti, makaburi ya mawe, na ule mbuyu wanaosema ukiuzunguka unaongeza miaka. Friedrich alisafiri na penseli kutafuta vitu vyake akaviunganisha, wewe unavyo vyote sehemu moja na ni bodaboda tu kutoka kwako, afu unaniambia Bagamoyo hamna cha kupiga zaidi ya harusi.

Kwa upande wa kamera ilianza mapema sana. William Henry Fox Talbot, yule Mwingereza aliyebuni negativu za karatasi, alipiga mwaloni kwake Lacock kama 1842 au 1843 hivi, na aliupiga majira ya baridi, hauna hata jani. Wewe ni fundi utaelewa haraka: kamera za wakati ule zinakaa wazi muda mrefu, upepo ukipita majani yote yanakuwa ukungu, ila mti uliopukutika unatulia na kila kijitawi kinatoka. Mbuyu nao kiangazi unapukutika. Nimemaliza.

Ila mtu wangu kwenye hii stori yote ni Théodore Rousseau, mchoraji Mfaransa, ambaye watu wengi hawamjui. Huyu aliishi Barbizon, kijiji kilicho pembeni ya msitu wa Fontainebleau, akawa anachora mialoni kama anachora watu wa heshima. Huko Paris maonyesho makubwa ya Salon walimkataa miaka na miaka mpaka wakamtungia jina, mkataliwa mkuu. Yeye akaendelea tu na mialoni yake, ile ya Apremont ya 1852 sasa hivi ipo Louvre, mchana wa jua kali, ng'ombe wamejibanza kwenye kivuli. Tatizo watu wa misitu walikuwa wanakata mialoni ya miaka mingi wanauza mbao afu wanapanda misonobari kwasababu inakua haraka. Wachoraji wakachukia kweli, wengine walikuwa wanaenda kung'oa miche ya misonobari kimyakimya. Rousseau yeye akaandika barua serikalini kwa Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, 1852 hiyohiyo, kwamba hii miti isiguswe. Na wakamsikiliza! 1853 zikatengwa hekta zaidi ya 600, na 1861 ikatoka amri rasmi, hekta 1,097, eneo la wasanii. Yellowstone ya Marekani, hifadhi ya taifa ambayo tunaambiwaga ndo ya kwanza duniani, ni 1872. Sasa niambie, mchoraji aliyekataliwa, anachora miti ambayo hakuna anayeitaka, afu miti inabaki imesimama kwasababu yake. Sio kwamba picha peke yake ilitosha, ila bila zile picha nani angejua kuna kitu pale cha kutunza.

Na kwenye msitu huohuo kulikuwa na mwaloni mmoja wanauita wa Bodmer, kwasababu mchoraji Karl Bodmer alishauchora. Mpiga picha Gustave Le Gray akaupiga picha, baadae mchoraji Claude Monet kijana kabisa akauchora 1865, majani ya rangi ya kutu yamejaa chini. Mti mmoja na kila mtu katoka na chake. Kwahiyo usiniletee ile kwamba mbuyu wa Kaole ushapigwa na watalii wote.

Hapa Kassel ninapoishi kuna kituko kingine. 1982 msanii Mjerumani Joseph Beuys alimwaga mawe 7,000 mbele ya jumba la Fridericianum, pale katikati ya mji, akasema jiwe halitoki mpaka ununuliwe mti, marki 500 (hela ya Ujerumani kabla ya euro), mti unapandwa na jiwe linasimamishwa pembeni yake. Watu walilalamika wee, wengine wakayapaka mawe rangi ya pinki usiku. Alikufa Januari 1986 kazi haijaisha, mti wa mwisho ukapandwa na mwanae 1987. Inaitwa mialoni 7,000 japo mingine sio mialoni. Mwanzoni jiwe na mche vilikuwa karibu saizi moja, leo jiwe limebaki kama mtoto kasimama na babu yake. Mi napita hapo kila siku kwenda chuo na watu wanafungia baiskeli, hakuna anayeitazama kama sanaa, na nadhani hiyo ndo ingemfurahisha mwenyewe.

(Kuna na msanii Michael Craig-Martin, 1973 kaweka glasi ya maji kwenye shelfu akasema huu ni mwaloni. Ilivyosafirishwa Australia watu wa forodha wakaizuia eti ni mmea. Hiyo tutaijadili siku ukija, kwa chai.)

Na kuhusu kwamba kamera yako imeharibika na simu haitoshi: kuna Mark Hirsch, mpiga picha wa magazeti Wisconsin, Marekani, mwaloni uko shamba la mahindi karibu na Platteville, alikuwa anaupita na gari miaka 19 hata hausimamii. Kuanzia Machi 2012 akaupiga kila siku mwaka mzima kwa iPhone tu, ikatoka kitabu. Theluji, ukungu, mahindi yamevunwa, mwezi, vyote mti uleule.

Kwahiyo nakuomba hivi: anza na Kaole, asubuhi kabla watalii hawajafika, na ongea na wale wa getini usije ukaambiwa kiingilio cha kamera. Usinitumie WhatsApp zinabanwa, nitumie kwa imeili saizi kamili. Kuna duka hapa wanaprinti kwenye karatasi nzuri, nitalipa mimi, na nataka moja niitundike ukutani.

Msalimie mama, mwambie dawa ya kuchua nitampa mtu anayekuja mwezi ujao.

Deo