Mama Neema, hiyo hela ya miche usiipeleke kwanza

Iringa, Oktoba

Mama Neema, kamwene! Na kwa lugha ya kwenu, ugonile. Natumaini watoto hawajambo na kifua cha Baba Neema kimepoa. Sisi wazima. Naandika haraka kwa sababu umesema Jumamosi unalipia ile miforosadi mifupi. Tafadhali, subiri.

Itazame tena picha uliyonitumia. Mforosadi mfupi wa asili unajulikana kwa macho yake, pale majani yanapochipuka: yamebanana tangu chini mpaka nchani. Hiyo miche ina nafasi ndefu kati ya jicho na jicho, karibu nusu kiganja. Ni miforosadi ya kawaida ambayo bado midogo, na ikiachwa itapita paa. Mifupi ya kweli ipo. Aina ya Gerardi huishia kama mita 2 hadi 3, na ule wa Kijapani, Charlotte Russe, uliopewa tuzo ya mmea bora wa mwaka kwenye maonyesho ya Chelsea, London, mwaka 2017, hufika kama mita 1.5. Lakini usilipe bei ya jina tu.

Tena, kama miche imeoteshwa kwa mbegu, mingine inaweza kuwa dume. Dume halizai hata ulipalilie miaka kumi. Ndiyo maana nakuomba ule kwanza tunda, kisha uombe kipande cha mti huohuo. Mforosadi ulio nyuma kwa Mwalimu unazaa vizuri. Kata tawi lililokomaa, unene wa penseli, sentimita 20 hadi 25, lenye macho manne. Chini kata mshazari, juu kata bapa ili usije ukageuza. Zika theluthi mbili kwenye kiriba, weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutota. Majani yakitoka usishangilie mapema: tawi huchipua kwa akiba yake kabla ya kuwa na mizizi. Ukilivuta kuhakikisha, unaikata ile inayoanza.

Kuhusu lile pipa ulilokata nusu, linafaa sana. Toboa matundu sita chini, liinue juu ya matofali, jaza debe tatu za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza kabisa na moja ya mchanga. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Ukipanda ardhini, kaa mbali na shimo la choo, ukuta na kamba ya nguo, maana rangi ya tunda haitoki. Kati ya mti na mti acha mita 2 na nusu. Pale bondeni maji yanaposimama masika, usipande kabisa, mizizi itaoza.

Narudi kwenye ufupi, maana hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mforosadi wowote wa kawaida unakaa urefu wa mtu ukiukata bila huruma. Mti ukishashika mizizi, ukate usawa wa goti, chagua matawi manne yaliyotazama pande tofauti, mengine toa. Kila baada ya kuvuna, rudisha kila tawi libaki na macho matatu au manne, pukuchua majani yaliyobaki, kisha mwagilia. Matunda hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo asiyekata anabaki na majani tu na matunda machache juu kabisa, ya ndege. Matawi makubwa kata kiangazi, mti umelala. Mti ukiwa unakua kwa nguvu, ukikatwa hutoa utomvu mwingi. Kwa dada yako Makete, mwambie asikate karibu na baridi ya Juni, sakitu, ule umande ulioganda, itaunguza machipukizi.

Ndege ndio tatizo lenyewe: kuzumburu hula kabla yako. Chandarua cha zamani kinatosha. Na tunda lichume likiwa jeusi, linalodondoka kwa kuguswa. Ukilichuma jekundu haliivi tena nyumbani.

Sasa niambie: muuzaji amekuonyesha mti mama? Miche imeunganishwa, yaani tawi la mti mmoja limebandikwa kwenye shina la mwingine, au ni vipande? Kama imeunganishwa, kuna chipukizi lolote chini ya kiungo? Hilo ling'oe, litaumeza mti. Uyole mvua zimeanza kuonyesha dalili? Mwalimu atakubali kutoa matawi sita, matatu yawe yangu? Mama Zawadi anapita Mbeya mwisho wa wiki, anaweza kunibebea akiyafunga kwa gazeti lenye maji. Nijibu kabla ya Jumamosi.

Wako,
Mama Baraka