Tuilinde barabara ya Dodoma–Babati kabla ya mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu barabara ya Dodoma hadi Babati, ambayo wengi huiita barabara mpya. Kilicho kipya ni lami. Njia yenyewe ni kipande cha Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ambayo Waingereza walitaka iunganishe Cape Town na Cairo. Kwetu inatoka Iringa, inapita Mtera, Dodoma, Kondoa na Babati mpaka Arusha.

Adui yake siku zote ni maji. Aprili 1916 jeshi la Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini lilishuka kutoka Arusha likaiteka Kondoa-Irangi mikononi mwa Wajerumani. Mvua ikakolea, njia waliyokuja nayo ikageuka tope, askari wakabaki na njaa na farasi wao wakafa kwa wingi. Miaka mingi baadaye ardhi ya Irangi ilikuwa imeliwa na makorongo kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wazee wetu waliumia sana kuswaga ng'ombe wao kwenda ugenini, lakini nyasi zilirudi.

Lami ya kilomita 251 ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo magari mengi ya Dodoma kwenda Arusha yalizungukia Singida au Chalinze.

Sasa mtu apite kati ya Kolo, penye michoro ya miambani iliyo Urithi wa Dunia tangu 2006, na Bereko, kisha ashuke kwenye gari atazame makalavati. Nimeona moja limejaa mchanga hadi pamebaki uwazi wa kupitisha mkono tu. Juu yake pamelimwa mahindi hadi kwenye ukingo wa mtaro. Maji yakikosa pa kupita yatakula tuta la barabara, na huku kwetu yanajua kula.

Naziomba serikali za vijiji zisimamishe kilimo ndani ya hifadhi ya barabara na zipange zamu za kuzibua mitaro. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Kazi hiyo ifanyike Oktoba, mchanga ukiwa bado mkavu na jembe linaingia.

Msomaji wako,
Kondoa