Shukrani kwa mama wa njia ya Basin

Mama yangu, jina lako sikuliuliza, na aibu hiyo ni yangu. Jumamosi iliyopita ulitukuta kwenye njia ya miguu ya Basin, katika hifadhi ya Ku-ring-gai Chase, kaskazini mwa Sydney, Australia, mimi na wanangu wawili, saa sita mchana, tumesimama pembeni ya mwamba tukitafuta michoro iliyochongwa na watu wenu, Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na tukilalamika kwamba hakuna kitu. Jua la utosi linafuta kila mstari. Ukacheka, ukatuambia turudi jioni.

Tukarudi, nawe ukaja! Jua lilipoinama, kivuli kikaingia kwenye mifereji ya mwamba na mara walabi, yule mnyama kama kangaruu mdogo, akatokea, kisha samaki, kisha watu. Mwanangu mdogo alipiga kelele kama ameona jini. Ukatueleza jinsi michoro ilivyochongwa: kwanza vishimo vilivyodonolewa kwa jiwe gumu, kimoja kimoja, halafu vikaunganishwa kwa kusuguliwa hadi mstari ukakamilika. Jiwe lenyewe la mchanga, laini kiasi, ndiyo maana ukamshika mwanangu mkono kabla hajakanyaga. Hukumgombeza. Ulimwambia tu kwamba hapo ni kwa bibi zako.

Ulisema kwenu mwanamke mzee huitwa shangazi na kila mtu, hata asiye ndugu. Nasi ni hivyo hivyo. Basi, asante sana, shangazi. Chupa yako ya maji bado ninayo, ile ya bluu. Jumamosi nitakuwa palepale, jioni.