Insha irudi kwa mwanafunzi kabla ya alama

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa Kiingereza kuhusu insha tunazosahihisha.

Kwa miaka mingi nilibeba madaftari nyumbani, nikakaa na kalamu nyekundu hadi usiku, kila kosa nikalipigia mstari na kuandika jibu juu yake. Mwisho naweka alama, sita kwa kumi, na maneno "ongeza bidii". Kesho yake mwanafunzi anafungua ukurasa wa mwisho, anatazama alama, anachungulia ya jirani, anafunga daftari. Wiki inayofuata "he go" ileile imerudi.

Siku moja nilimwita binti aliyeandika habari za bibi yake aliyepoteza uwezo wa kuona. Ukurasa wake ulikuwa umejaa wino wangu. Nikamuuliza masahihisho yale yamemfunza nini. Akajibu, "Nisiandike sentensi ndefu, mwalimu." Nikaisoma upya. Sentensi ndefu ndizo zilizobeba kisa chenyewe: bibi anapapasa ukuta akitafuta mlango wa chumba alicholala miaka yote. Nami kuhusu bibi huyo sikuwa nimeandika neno hata moja. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Wataalamu nao wamevutana. Mwaka 1996 John Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili hakuna faida, tena kuachwe kabisa. Mwaka 1999 Dana Ferris akamjibu kwamba ameharakisha kufikia uamuzi huo, kwani masahihisho yaliyochaguliwa na yanayoeleweka yana nafasi yake. Mimi niko upande wa Ferris, ila neno "yaliyochaguliwa" tumelisahau. Wanafunzi wengi ambao lugha zao hazina "a" na "the" watakosea hapo kwa miaka. Ukiwazungushia duara makosa hayo yote, pamoja na tahajia, nyakati na alama za uandishi, umewatupia kila kitu kwa mpigo na hawajui washike lipi.

Siku hizi rasimu ya kwanza siipi alama. Naandika nilichokielewa kama msomaji, nauliza swali moja ("Bibi alisema nini alipoukosa mlango?"), kisha nachagua aina moja ya kosa na kupiga mstari tu. Kurekebisha ni kazi ya mwenye insha. Alama huja kwenye rasimu ya pili.

Halafu kuna wanafunzi kusomeana. Najua pingamizi: kipofu atamwongozaje kipofu? Lakini simtumi mwanafunzi kuwinda makosa ya sarufi. Namwomba aonyeshe mahali alipopotea na mahali alipotaka kusikia zaidi, na hilo msomaji yeyote analiweza. Tena anayefaidi zaidi huenda ni yule anayesoma. Utafiti wa Lundstrom na Baker wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba waliofundishwa kutoa maoni juu ya insha za wengine waliboresha uandishi wao wenyewe kuliko waliofundishwa kuyapokea na kuyatumia. Sishangai. Ukishagundua kwamba aya ya mwenzako haina kichwa wala miguu, utaikagua na yako.

Ila wafundishwe kwanza. Ukiwaachia tu, wataandika "nzuri" au watachekana. Mimi huanza kwa kuandika ubaoni aya yangu mwenyewe, darasa zima wanaikosoa, nami naiandika upya mbele yao. Katika darasa kubwa utaratibu huu unafaa zaidi, maana mwalimu peke yake hawezi kumsoma kila mtu kila wiki.

Kwa wakuu wa shule nina ombi. Mnapokagua madaftari, msihesabu insha ngapi zimetiwa wino. Chukueni insha moja, wekeni rasimu ya kwanza kando ya ya pili, mtazame mwanafunzi amebadilisha nini.

Mwalimu wa Kiingereza