Kwa shoga yangu anayeingia mwaka wa kwanza wa uhandisi

Tudor, Mombasa

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku, na hongera tena. Mama aliposikia umepata nafasi ya uhandisi wa ujenzi alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka milangoni. Wasalimie wazee wote hapo Lamu.

Sasa nije kwenye maswali yako, uchukue yuniti zipi na uongeze kozi gani. Yuniti, yaani masomo ya chuo, za muhula wa kwanza nyingi zimeshapangwa na idara. Huendi kuchagua kama mtu achaguavyo leso Biashara Street. Utakuta hisabati, fizikia, kemia, michoro ya uhandisi, karakana, kompyuta na stadi za mawasiliano, au zinazofanana na hizo. Kilicho mikononi mwako ni kuzisajili zote mapema, na kuamua utajibebesha nini zaidi. Hilo la pili ndilo linalonitia hofu kwa ajili yako.

Umeniandikia kwamba unataka kuongeza kozi ya jioni ya AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, huku mjini, tena na cheti cha mitandao ya kompyuta. Shoga, muhula huu usiongeze chochote. Najua una akili na najua una hamu, lakini saa zako za jioni ni za hisabati.

Hesabu za kidato cha nne ulizipita vizuri, ila huku mwendo ni mwingine. Mada iliyochukua wiki mbili shuleni humalizwa kwa mihadhara miwili, na hakuna mwalimu wa kukufuata. Tena kalkulasi, ile sehemu ya hisabati yenye integresheni, yaani kujumlisha vipande vidogo vidogo, haiishi muhula ukiisha. Mwaka wa pili na wa tatu utapewa mhimili wa daraja wenye mzigo juu yake. Ukijua nguvu ya mkato, inayotaka kuukata mhimili, kila mahali kwenye mhimili, unaiintegreti upate momenti ya kupinda, ile inayoupinda. Kisha momenti hiyo, ukiigawa kwa ugumu wa mhimili na kuiintegreti mara mbili, inakuambia mhimili utashuka kiasi gani. Kila nikipita Nyali Bridge nafikiria hayo. Asiyeshika integresheni muhula wa kwanza huja kufundishwa mambo mawili kwa pamoja, mihimili na hesabu zake, na wengi huzama hapo. Na usisahau kwamba yuniti nyingine hufunguliwa na iliyotangulia: ukiangusha ya kwanza, ya pili inakungoja mpaka umalize sapu, yaani mtihani wa marudio.

Kuhusu AutoCAD, itakuja, na utaipenda. Lakini anza na ubao, rula ya T na penseli 2H. Utapewa kipande cha chuma chenye pembe na tundu, uchore sura yake ya mbele, ya juu na ya ubavuni. Kwa mfumo wa pembe ya kwanza, sura ya juu huwekwa chini ya sura ya mbele. Kwa mfumo wa pembe ya tatu, huwekwa juu yake. Mchoro ni uleule, lakini fundi akiusoma kwa mfumo usio wake, tundu litatobolewa upande mwingine. Kompyuta haitakuonya. Jicho lazima lizoee kwanza, na jicho huzoea kwa mkono.

Karakana usiidharau eti wewe ni mtu wa majengo. Utafunga chuma kwenye jiriwa, ukipige tupa, kisha uweke bapa la pembemraba juu yake na kukiinua kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, unarudi kupiga tupa. Mikono itauma, na kwa mara ya kwanza utajua milimita moja ni kubwa kiasi gani. Nunua ovaroli na viatu vigumu kabla hujaja. Buibui na mashine inayozunguka havikai pamoja, kwa hiyo tafuta mtandio mfupi wa kubana kichwani.

Stadi za mawasiliano wengine huzikimbia. Wewe hudhuria tu, utaandika ripoti maisha yako yote.

Kuna jambo hukuniuliza nami naliona kubwa kuliko yote. Kabla hujalipa karo, hakikisha kozi uliyopewa, kwa jina lake kamili lililo kwenye barua, imetambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Sheria ya Wahandisi ya 2011 ndiyo inayoipa bodi hiyo kazi ya kusajili wahandisi, na digrii isiyotambuliwa itakuletea taabu baada ya miaka mitano ya jasho. Majina ya kozi hufanana sana: uhandisi wenyewe na teknolojia ya uhandisi si kitu kimoja. Mwombe kaka yako akae nawe mlisome jina hilo neno kwa neno.

Nipigie picha ile barua unitumie leo hii, na ratiba ukiipata. Na uniambie basi lako linatoka Mokowe siku gani, nije nikupokee, usihangaike na mizigo peke yako.

Shoga yako akupendaye